PS2 na Xbox: kwa nini Likoni ilishinda mashine dhaifu

Leo turudi nyuma kidogo. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Xbox ya Microsoft ikafuata Marekani Novemba 2001, na ukitazama namba ilikuwa na nguvu zaidi: prosesa ya megahezi 733 dhidi ya 294, na memori kuu ya MB 64 dhidi ya 32.

Hata hivyo, vibanda vya gemu nilivyovijua Likoni nikikua vilijaa PS2. Kwa nini? PS2 ilisoma pia diski za PlayStation ya kwanza, ile ya 1994, kwa hiyo mwenye kibanda hakuhitaji kutupa gemu zake za zamani. Tena diski ilizunguka mtaani: wacheza, wachoka, wamwazima jirani, naye akupa yake. Duniani nako PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 150, Xbox ile milioni 24 hivi.

Sasa wewe unayechagua kati ya mashine za 2020, angalia hapo hapo. Xbox Series S haina mahali pa kutia diski, na PS5 Digital Edition huuzwa bila. Kila gemu utaishusha kwa intaneti, mara nyingi makumi ya GB, kwa bando lako mwenyewe, na huna diski ya kumwazima mtu wala ya kuuza ukichoka. Ukiniuliza mimi, nunua yenye diski, lakini kwanza uliza wenzako mtaani wana ipi.