Chini ya Theluji Kuna Mchanga

Nilitaka kumshangaza mjomba. Ilikuwa Januari yangu ya kwanza Lowell, jimbo la Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unaweza kupata unga wa ugali bila kuhangaika. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Mjomba alikuwa na zamu ya alfajiri ya kuwahudumia wazee, na gari lake lilikuwa limefunikwa hadi umbo lake limepotea. Nikachukua beleshi la kusafishia ngazi, nikakwangua paa, nikakwangua boneti. Dakika tano tu, nikarudi ndani nikijisifu.

Jua lilipochomoza nikaona. Gari ni jeusi. Juu ya boneti palikuwa na mistari mirefu myeupe, imeenda sambamba kama matuta ya shamba.

Mjomba aliitazama, akapitisha kidole juu yake. Gari hilo alilinunua kwa miaka mitatu ya zamu za usiku. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "theluji haikwaruzi." Akaingia garini akaenda kazini.

Sentensi ile ilinisumbua kuliko karipio. Kama si theluji, ni nini? Nilianza kusoma, nikakuta kwamba mistari yangu ilikuwa na historia mbili ndani yake: ya barabara na ya rangi.

Tuanze na barabara. Katika karne ya 19, watu wa New England hawakuwa na haja ya kuondoa theluji barabarani. Waliishindilia. Farasi walivuta magogo makubwa ya duara, theluji ikawa ngumu na laini, na magari ya kuteleza yakapita juu yake kwa urahisi kuliko kwenye matope ya majira mengine. Madaraja yenye mapaa yalikuwa tatizo, kwa kuwa theluji haikuingia ndani. Basi watu walilipwa kuibeba na kuitandaza humo. Nilisoma hilo mara mbili. Watu wa huku waliwahi kulipana kumwaga theluji njiani.

Gari la injini ndilo lililobadilisha hesabu. Tairi lilitaka lami tupu. Mwanzoni walitumia majembe ya kusukuma theluji na mchanga wa kuzuia utelezi. Mwaka 1938 jimbo jirani la New Hampshire likajaribu kumwaga chumvi barabarani, na baada ya Vita Kuu ya Pili matumizi yake yakaenea. Chumvi huyeyusha barafu, mchanga huyapa matairi kitu cha kushika. Lakini havibaki chini. Magari ya mbele huvirusha, vikakauka kwenye milango na boneti ya gari lililo nyuma. Kisha theluji mpya huanguka juu yake, ikavificha.

Hapo ndipo mjomba alipokuwa sahihi. Theluji ni laini. Mchanga ni chembe za mawe. Nilipokandamiza beleshi, niliusugua mchanga ule kwenye rangi kama fundi anayepiga msasa.

Historia ya pili ni ya rangi yenyewe. Magari ya mwanzo yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kukauka kulichukua wiki nyingi. Ford ilipotaka kuunda Model T kwa kasi, kati ya mwaka 1914 na 1925 iliyatoa kwa rangi nyeusi tu, rangi nafuu yenye asili ya lami iliyookwa kwenye tanuri. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi ya kupuliza iliyokauka haraka, na magari ya Oakland ya modeli ya 1924 yakatoka na buluu. Rangi ikawa sehemu ya kinachouzwa: watu wakaanza kuchagua gari kwa macho.

Kufikia miaka ya 1980, viwanda vingi viligawanya kazi hiyo: rangi chini, na juu yake tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo linalometameta. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu ni kama 70. Kile ambacho mjomba alikuwa akikifuta kila Jumamosi kwa kitambaa laini kilikuwa chembamba kuliko unywele, na mimi nilikuwa nimekiendea kwa beleshi.

Theluji iliporudi wiki ile, mjomba alinitoa nje mwenyewe. Hakuanza na paa. Alianza nyuma, akaifukua ekzosi. Dhoruba ya Februari 1978 ilinasa zaidi ya magari 3,000 kwenye Barabara ya 128 karibu na Boston, na baadhi ya watu walikufa humo kwa hewa ya sumu kwa sababu theluji ilikuwa imeziba mabomba ya moshi. Akawasha injini. Akanipa brashi yenye kichwa cha sponji.

"Usiguse rangi," akasema. "Sukuma ya juu tu, iache ya chini."

Tukaenda kutoka paani kushuka, tukiisukuma theluji pembeni bila kukandamiza, tukibakiza tabaka la kama kidole kimoja. Hilo la mwisho tuliliachia joto la gari na jua. Kikwangulio kilitumika kwenye vioo peke yake. Maji ya moto alinikataza kabisa, kwa sababu kioo chenye baridi kali kinaweza kupasuka. Ilituchukua robo saa.

Nilijitolea kulipia fundi aiondoe mistari. Mjomba akauliza fundi huiondoaje. Nikamweleza nilichosoma: husugua tabaka la juu mpaka lilingane na mkwaruzo.

"Yaani anapunguza kilichobaki?"

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo, kisha akatupa brashi kwenye buti. "Iache," akasema. Bado ipo. Boneti ikiwa na vumbi huioni, lakini kila Jumamosi akishaifuta, inarudi.