Kingamwili zenye mnururisho zafichua saratani ilikojificha

MGONJWA ambaye saratani yake ya matiti imeenea mwilini hukabiliwa na swali zito: je, dawa atakayopewa itaufikia kila uvimbe? Kwa kawaida daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara. Hata hivyo, kipande hicho hueleza habari za mahali kilipotolewa tu. Uvimbe ulio kwenye mfupa huenda ukawa na tabia tofauti kabisa.

Hapo ndipo kingamwili zilizotiwa mnururisho zinapofaa. Kingamwili ni protini za mwili zinazomkamata adui mahsusi. Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein walivumbua mjini Cambridge, Uingereza, mbinu ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1984. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998, ni mojawapo ya kingamwili za namna hiyo. Hunata kwenye HER2, protini inayojaa kupita kiasi katika baadhi ya saratani za matiti.

Wataalamu huifungia trastuzumab zirkoni-89, kisha humdunga mgonjwa. Zirkoni hiyo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote hutoweka na miale miwili huchomoka kuelekea pande zinazokabiliana. Mtambo wa PET huinasa, na kompyuta hukokotoa ilikotoka.

Mbona zirkoni? Florini-18, iliyozoeleka katika picha za PET, hupungua nusu kwa dakika 110 tu, ilhali kingamwili ni kubwa na mwendo wake mwilini ni wa kobe. Zirkoni-89 huchukua saa 78 hivi. Gharama yake ni kwamba mgonjwa hupata mnururisho mwingi zaidi. Isitoshe, uvimbe kung'aa huonyesha kwamba dawa imefika, si kwamba itaponya.

Mwaka wa 2010, watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 14. Picha bora zilipatikana siku ya nne au ya tano baada ya sindano. Uvimbe mwingi uliojulikana ulionekana, na mwingine ambao vipimo vya awali havikuwa vimeugundua.