Zimwi Lililomjua Mwenzake: Toleo la 51 la "Fantastic Four"

Wengi wetu tulio walimu wa Kiswahili tumezoea kuvitazama vitabu vya hadithi za picha kwa jicho la dharau. Tukimkuta mwanafunzi amekificha kimoja ndani ya daftari, twamnyang'anya, kwa kuwa twaamini kwamba humo hamna ila ngumi na mayowe. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya toleo moja la hadithi hizo, lililochapishwa Marekani mwaka 1966, ambalo mapigano yake ni machache na mambo ya moyo ni mengi.

Kwanza yafaa tuangalie lilikotoka. Mashujaa wenye nguvu zipitazo za wanadamu walipata umaarufu katika vitabu vya picha vya Marekani kuanzia mwaka 1938, Superman alipotokea kwa mara ya kwanza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wengi wao walififia. Mwaka 1954 wachapishaji, wakiogopa lawama za wazazi na wanasiasa, walijiwekea kanuni kali za maadili: ilikuwa sharti wema uushinde uovu kila mara. Kwa hiyo msomaji alijua mwisho wa hadithi kabla hajaianza, na shujaa hakuwa na sababu kubwa ya kujiuliza yeye ni nani.

Mwaka 1961 Stan Lee, aliyekuwa mhariri, na Jack Kirby, aliyekuwa mchoraji, walianzisha mfululizo wa "Fantastic Four" katika kampuni ya Marvel, mjini New York. Ni hadithi ya watu wanne waliorushwa angani kwa chombo, wakapigwa na miali, wakarudi wamegeuka. Watatu kati yao, yaani mwanasayansi Reed Richards, Sue Storm na ndugu yake Johnny, waliweza kuonekana kama binadamu wa kawaida. Wa nne, rubani Ben Grimm, alibaki na mwili mgumu kama mawe, wenye rangi ya chungwa. Kwake yeye nguvu haikuwa zawadi, bali msiba.

Matoleo ya 48 hadi 50, yaliyobeba tarehe za Machi hadi Mei 1966, yalieleza jinsi Galactus, mla sayari, alivyokuja kuiangamiza dunia, akazuiwa. Baada ya kishindo hicho, msomaji angetazamia kishindo kikubwa zaidi. Lakini toleo la 51, la Juni 1966, lafunguka kwa picha ya Ben amesimama peke yake mvuani. Dunia imeokoka, naye amejaa huzuni, kwa kuwa adhani Alicia, mchongaji kipofu ampendaye, amempenda mwingine.

Mtu mmoja asiyemjua amkaribisha nyumbani kwake. Kumbe mwenyeji huyo ni mwanasayansi aliyemwonea Reed kijicho muda mrefu, akiamini kwamba mwenzake amevuna sifa na mali asizostahili. Amlevya Ben kwa dawa, kisha kwa mitambo yake amwondolea umbo la jitu na kulivaa yeye. Ben aamka akiwa binadamu. Ajaribu kuwaonya wenzake wasimwamini. Basi aondoka kwenda kwa Alicia, akifurahi kwamba sasa ana uso wa mtu.

Wakati huohuo Reed ajitayarisha kuingia mahali pa hatari nje ya anga hii yetu, ili atafute njia ya kuilinda dunia. Ajifunga kamba, na ncha yake ampa "rafiki" yake aishike. Adui yake hahitaji hata kumpiga. Yatosha kumwacha apotee. Lakini aona kwamba Reed hatafuti sifa. Wote wawili wajikuta humo ndani, na Reed, akidhani yuko na Ben, hajililii nafsi yake. Asikitika kwamba amemponza mwenzake. Hapo yule mtu amrusha Reed kwenye usalama, naye abaki nyuma afe. Dakika hiyohiyo Ben, aliyekwisha kufika mlangoni kwa Alicia, ageuka jitu tena.

Hadithi hiyo yaitwa "This Man... This Monster!", yaani "Mtu Huyu... Zimwi Hili!" Wahenga wetu walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu yule alikuwa akimla Reed moyoni kwa miaka kwa sababu hakumjua; alizijua sifa zake tu. Alipomjua kwa vitendo, hakuweza kummaliza. Tena, mwandishi hakumpa jina hata mwisho. Aliyekuwa na njaa ya sifa afanya jambo lake jema kuliko yote akiwa amevaa sura ya mtu mwingine, na hakuna atakayemwimbia. Tuonavyo sisi, hiyo ndiyo nguvu ya toleo hili.

Historia ya watungaji wenyewe yaongeza uzito. Katika siku hizo Lee na Kirby walikubaliana juu ya muhtasari. Kirby akachora kurasa zote, akiamua mwendo wa hadithi, kisha Lee akatia maneno. Baadaye wakakhitilafiana: nani hasa aliyetunga? Kirby aliihama Marvel mwaka 1970, ingawa alirudi tena kwa muda, akafariki mwaka 1994. Warithi wake walipatana na kampuni hiyo mwaka 2014. Lee alifariki mwaka 2018. Hivyo hadithi ya mtu aliyelalamika kwamba sifa zimekwenda kwa mwingine ilitoka mikononi mwa watu wawili ambao urafiki wao ulivunjwa na swali hilohilo.

Mwezi uliofuata, katika toleo la 52, alitokea Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni iliyowekwa katika Afrika yetu. Wanafunzi wetu wengi wamjua kwa filamu ya mwaka 2018, ambayo Lupita Nyong'o, Mkenya, alikuwa miongoni mwa waigizaji wake. Aghalabu hawajui kwamba kabla ya mfalme huyo palitangulia mtu asiye na jina.

Ndugu walimu, hatusemi kwamba vitabu hivi vichukue mahali pa tenzi na riwaya zetu. Twasema tu kwamba kabla ya kumnyang'anya mwanafunzi kitabu chake, tumwombe atusimulie kilichomo, kwa Kiswahili fasaha. Kisha tumpe zoezi: aandike aliyoyawaza mtu yule alipokuwa ameishika kamba. Akiweza kutuandikia kwa nini hakuiachia, atakuwa ametufafanulia neno "utu" kuliko kamusi.