Nkongolo na Mbidi: vita ya nguvu mbili, toleo ya kwetu

Bandugu, nani kati yetu hajakesha mbele ya mchezo wa video ambamo mwanga unapigana na giza? Unachagua upande, unaua wa upande ule mwingine, basi. Wengi wanadhani wazo hilo limetoka Ulaya ao Japani. Lakini Waluba, ambao wengi wao ni wa jimbo letu, wana vita yao ya namna hiyo tangu zamani. Wazee wa chama cha Mbudye waliihifadhi mu kichwa, wakiisoma juu ya lukasa, ubao wa shanga.

Upande mmoja kuko Nkongolo, mfalme mwekundu. Jina lake njo upinde wa mvua, nyoka anayezuia mvua. Ni mkali, mlevi, anakula mbele ya watu. Upande wa pili kuko Mbidi Kiluwe, mwindaji mweusi aliyetoka mashariki, mwenye adabu, anayekula kwa kujificha. Angalia: hapa mweusi njo mwema. Mbelgiji Luc de Heusch, mu kitabu chake *Le roi ivre* cha 1972, alionyesha kwamba hawa wawili wanabeba ulimwengu mzima: ukame na mvua, nguvu bila mpaka na nguvu yenye heshima.

Mu mchezo wa video, Mbidi angemuua Nkongolo. Kumbe hapana! Alioa dada zake, kisha akarudi kwao. Mtoto wake, Kalala Ilunga, alikomalia kwa mjomba na akampigania vita. Mjomba akashikwa na wivu: akachimba shimo, akatega vyuma ndani, akafunika mkeka, akamwita mtoto aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa midundo, Ilunga akakimbilia kwa baba yake. Alirudi na jeshi, Nkongolo akakatwa kichwa, Ilunga akawa mulopwe.

Sasa fikiri kidogo. Aliyeshinda ni mtoto wa dada ya aliyeshindwa. Ufalme wa Waluba haukuzaliwa na upande mmoja uliofuta mwingine; ulizaliwa na damu mbili ndani ya mtu mmoja. Hata mchezo wa *Diablo* unafika hapo: binadamu ni uzao wa malaika na mashetani.

Mbona ninaleta hii leo? Kwa sababu mu 2016 na 2017, wakati wa vita kati ya Waluba na Watwa, kambi za waliokimbia zilijaa pembeni ya Kalemie. Katika vita kama ile, kila mmoja anaambiwa kwamba jirani yake njo giza. Sisi tuliosoma tunajua kurudia maneno hayo kwa Kifaransa safi, na kwenye simu yanaenda mbio kuliko risasi.

Ukienda likizo kijijini, uliza mzee akusimulie Nkongolo. Halafu umuulize pia bibi yako alitoka kabila gani.