Mtungi, Bomba na Mlima: Akiba ya Maji katika Nyumba za Morogoro

Mgeni afikaye Morogoro wakati wa masika na kuinua macho upande wa kusini huiona Milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu, na huenda akadhani kwamba mji uliokaa chini ya milima ya namna hiyo haujui shida ya maji. Dhana hiyo si sahihi. Miteremko ya mashariki, inayopokea pepo zitokazo Bahari ya Hindi, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka; lakini mji wenyewe umekaa nyuma ya mlima na haupati hata nusu ya kiasi hicho. Tangu Juni hadi Oktoba mvua huwa haba mno. Kwa sababu hiyo wakazi wa Morogoro, tangu hapo kale, wameishi kwa maji yashukayo kutoka mlimani. Katika insha hii twataka kuonyesha kwamba kujiandaa kwa uhaba wa maji si jambo geni lililoletwa na miji ya kisasa. Ni sehemu ya utamaduni wetu, nayo ina nusu mbili: akiba ya nyumbani na hifadhi ya mlimani.

Katikati ya karne ya 19 kiongozi aitwaye Kisabengo alijenga mji wenye ngome karibu na mto Ngerengere. Mji huo ulijulikana kwa jina la Simbamwene. Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871 akasifu kuta zake. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yamebomoa sehemu ya ukuta na kuziangamiza nyumba nyingi. Habari hii yatufundisha kwamba dharura ya maji ina sura mbili. Mto ule ule unaopungua wakati wa kiangazi waweza kufurika wakati wa masika, na mafuriko nayo huleta uhaba, kwa kuwa maji huwa yametapakaa kila mahali lakini yanayofaa kunywewa hayapatikani. Visima huingiwa na uchafu, na vijito hujaa tope. Mwenye nyumba asiye na akiba hupata taabu katika hali zote mbili.

Wazee wetu walilielewa jambo hilo, na chombo chao kilikuwa mtungi. Mtungi wa udongo haukuwekwa ovyo. Uliwekwa pembeni mwa nyumba, mahali penye kivuli, ukafunikwa, na maji yakatekwa kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu ili mkono usiguse maji. Udongo wake hupitisha unyevu kidogo kidogo. Unyevu huo ukikaushwa na hewa huondoa joto, na maji ya ndani hubaki baridi. Maji ya kunywa yalitengwa na maji ya kazi. Maji yaliyokwisha kuoshea vyombo hayakumwagwa bure, bali yalipelekwa kwenye mimea iliyo karibu na nyumba. Hizo zote zilikuwa kanuni, ijapokuwa hazikuandikwa kitabuni, na mtoto alizijifunza kwa kuona na kwa kukaripiwa.

Hata hivyo, haifai tuusifu wakati uliopita kupita kiasi. Mtungi ulijazwa kwa jasho la wanawake na wasichana, waliokwenda mtoni alfajiri na kurudi na mzigo kichwani. Ilipotokea kiangazi kikali, safari ilikuwa ndefu zaidi, na mzigo ulibaki wao. Yeyote aelezaye historia ya maji bila kulitaja jambo hili, ameeleza nusu tu ya habari.

Mlimani nako kulikuwa na kanuni zake. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Baadhi ya misitu iliachwa kwa ajili ya makaburi na matambiko, na haikuruhusiwa kukatwa. Mkuu mwenye cheo cha Kingalu, huko Kinole, aliheshimiwa kwa uwezo wa kuleta mvua. Mwanafunzi wa leo ana haki ya kuuliza kama mvua huletwa na tambiko. Lakini atazame pia matokeo ya heshima ile: mti ulibaki umesimama, na udongo haukuchukuliwa na maji.

Serikali za kikoloni nazo zilitambua thamani ya mlima, lakini zilitumia amri. Wajerumani walitenga misitu ya Uluguru kuwa hifadhi mwaka 1909. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kusudi la kuzuia mmomonyoko lilikuwa na maana. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, ilikula siku za mkulima, na mahali pengi ilifukua udongo usio na rutuba ukawa juu. Mwaka 1955 upinzani ulifikia kilele chake upande wa Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Huko Mgeta, kwa upande mwingine, matuta yalidumu kwa sababu wakulima wa mboga waliona faida yake. Basi tukubali kwamba mlima hautunzwi kwa fimbo. Hutunzwa na watu wanaojua kwa nini wanautunza, na wanaopata riziki kwa kuutunza.

Baada ya Uhuru taifa lilijiwekea lengo kubwa. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji safi karibu na makazi yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na maradhi. Katika mji wa Morogoro, bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye mto Ngerengere, lilikamilika katikati ya miaka ya 1980. Bomba liliwapunguzia wanawake wengi mzigo mkubwa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini lilileta pia usahaulifu. Kwa kuwa maji yalitoka ukutani, mtungi uliondolewa, na watoto wakakua bila kujua kijito gani kinawanywesha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Usahaulifu huo ulidhihirika mwezi Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu kilipopungua kwa ukame na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji. Jiji hilo, lenye watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya mwaka huo, hutegemea sana mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, ya mwaka 1976. Na mto Ruvu chanzo chake ni Uluguru. Ndoo iliyokosa maji Kariakoo ilikuwa na uhusiano na mti uliokatwa mlimani, ingawa mwenye ndoo na mwenye shoka hawajapata kuonana.

Je, nyumba ya mjini ijiandaeje? Katika dharura, kipimo kinachotumiwa na watoa misaada ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupikia na usafi. Watu sita wahitaji lita 90 kwa siku, yaani madebe manne na nusu ya lita 20. Kwa siku tatu wahitaji lita 270, ambazo ni zaidi ya pipa moja la lita 200. Pipa liwe safi, lisiwe lililowahi kutiwa mafuta wala dawa za mashamba. Lifunikwe daima, maji yatekwe kwa chombo chenye mpini, na akiba itumiwe na kubadilishwa kabla haijakaa mno. Maji ya kunywa yachemshwe na kutengwa. Mvua ikinyesha, mfereji wa bati uelekezwe kwenye tangi. Na zamu ya kuteka maji igawanywe kwa wavulana na wasichana sawasawa, ili ukame usiwe sababu ya binti kukosa masomo.

Walimu waweza kulifanya somo hili kuwa kazi ya darasa: wanafunzi wapime maji yanayotumiwa nyumbani kwao kwa siku moja, kisha wachore ramani ya njia ya maji hayo, kutoka kwenye ndoo mpaka chanzo chake. Wakifanya hivyo watagundua kwamba ramani nyingi za Morogoro, na nyingi za Dar es Salaam pia, huishia mahali pamoja: katika msitu wa Uluguru, ambao tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Akiba haiozi, walisema wazee. Nasi twaongeza kwamba akiba ya pipa huisha kwa siku tatu, lakini akiba ya mlima, ikitunzwa, hurithiwa na wajukuu.