Moto wa Tumbo: Elimu ya Kula katika Tiba ya Kale ya Bara Hindi

Tiba ya kale ya Bara Hindi huitwa Ayurveda, yaani elimu ya uhai. Katika elimu hiyo nguvu za mtu, rangi ya ngozi yake, furaha yake na urefu wa umri wake vilisemwa kuwa vyategemea jambo moja, nalo ni moto uliomo tumboni mwake. Dunia ya leo huijua Ayurveda zaidi kwa unga na vidonge viuzwavyo madukani. Walakini katika vitabu vyake vya asili, dawa ya tumbo ni mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni kiasi. Mwenye kufuata historia ya elimu hiyo huona jinsi mlango wa pili ulivyokuja kuuficha wa kwanza.

Vitabu vitatu ndivyo nguzo zake: Charaka Samhita, Sushruta Samhita, na Ashtangahridaya ya Vagbhata. Charaka Samhita ina sehemu 8 na milango 120, wala si kazi ya mkono mmoja. Chenyewe kitabu husimulia ya kuwa mafundisho yake yalitoka kwa mwalimu Atreya, yakaandikwa na mwanafunzi wake Agnivesha, yakatengenezwa upya na Charaka. Na baadaye Dridhabala akaitimiza milango 41, yaani zaidi kidogo ya theluthi nzima. Kazi hiyo ilichukua karne kadha wa kadha, nyingi zake zikiwa za mwanzo wa tarehe ya Kikristo. Vagbhata, aliyekuja baadaye, aliyakusanya mafundisho ya waliomtangulia kwa maneno machache yaliyokuwa rahisi kuhifadhiwa moyoni.

Moto wa tumbo uliitwa agni. Jina hilo ni kongwe, kwani ndilo jina la mungu wa moto asifiwaye katika wimbo wa kwanza wa Rig Veda. Waganga walilichukua wakalitia katika kazi ya mwili. Mfano walioupenda ni wa chungu: kama moto wa jikoni upikavyo mchele na maji ukapata kuwa wali, ndivyo moto wa tumbo upikavyo chakula kikawa mwili. Kutokana na chakula kilichoiva hupatikana maji ya lishe, kisha damu, nyama, mafuta, mifupa, uboho na mbegu ya uzazi, kila kimoja kikizaliwa na kilichokitangulia. Moto ukipungua, chakula hubaki nusu. Na mabaki hayo waliyaita ama, neno la Kisanskriti lenye maana ya kitu kibichi. Ubichi huo ulihesabiwa kuwa chanzo cha maradhi mengi, hata yale yaonekanayo mbali na tumbo.

Watu hawakusemwa kuwa na moto wa namna moja. Vitabu hutaja hali nne. Uko moto wa kigeugeu, ambao leo hupika na kesho hukataa; huo ulihusishwa na upepo wa mwilini. Uko moto mkali, ambao huunguza upesi kila upewacho. Huo ulihusishwa na nyongo. Uko moto mvivu, ambao hulemewa hata na chakula kidogo. Huo ulihusishwa na belghamu. Na uko moto wa wastani, ambao hukipika kwa wakati wake chakula kilicholiwa kwa kiasi. Kuulinda moto huo wa nne, au kumrudisha mtu kwake, ndiyo iliyokuwa kazi ya mganga.

Kutokana na mgawanyo huo likazaliwa fundisho ambalo ni kubwa kuliko dawa zote za tumbo: hapana chakula kilicho chema kwa kila mtu. Charaka Samhita hutaja mambo 8 ya kuangaliwa kabla ya kusema kuwa chakula chafaa au hakifai: asili yake, jinsi kilivyotengenezwa, vitu kilivyochanganywa navyo, kadiri yake, nchi, wakati, taratibu za kula, na mlaji mwenyewe. Mlaji ametajwa mwisho, lakini ndiye mizani ya yote. Kadiri ya chakula haikuwekwa kwa ratili wala kwa kibaba. Ilipimwa kwa moto wa yule alaye. Alama ya kwamba mtu amekula kiasi chake ni kuwa chakula kimesagika kwa wakati wake bila kumsumbua. Kwa vyakula vizito, mtu alishauriwa akome kwenye theluthi au nusu ya shibe. Charaka aligawa tumbo mafungu matatu, moja la chakula kigumu, moja la kinywaji, na la tatu liachwe kwa mwendo wa upepo, nyongo na belghamu. Vagbhata aligawa manne: mawili ya chakula, moja la kinywaji, na moja la upepo.

Adabu za kula ziliandikwa kwa uangalifu huohuo. Chakula kiliwe kingali moto na kiwe na mafuta kidogo. Kisiliwe mpaka kile cha kwanza kimekwisha kusagika. Mlaji asikimeze kwa haraka wala asikawie mno, asicheke wala kuzungumza, bali moyo wake uwe katika kula. Samaki wasiliwe pamoja na maziwa. Haja 13 za mwili, zikiwemo choo, mkojo, njaa, kiu na usingizi, zisizuiliwe. Majira nayo yalihesabiwa. Wakati wa baridi, walinena, moto hufungiwa ndani ya mwili ukawa na nguvu, na ndipo vyakula vizito huruhusiwa. Wakati wa mvua za masika ya Bara Hindi moto hudhoofika, na mlo hutakiwa uwe mwepesi, wa nafaka ya zamani.

Dawa zilikuwako, tena nyingi. Mashuhuri ni mchanganyiko wa tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, uitwao trikatu, yaani vikali vitatu. Mtindi uliosukwa na kutolewa siagi ulisifiwa sana kwa magonjwa ya utumbo. Lakini mgonjwa aliyekwisha kusafishwa tumbo kwa dawa hakuachwa ale apendavyo. Alianzishwa na uji mwepesi wa mchele, akapewa uji mzito, kisha mchuzi wa choroko, na mwisho mchuzi wa nyama, kama mtu awashaye moto kwa majani makavu kabla ya kutia gogo. Kwa hiyo hata dawa ilikuwa chini ya amri ya kiasi.

Elimu hiyo ilisafiri mbali. Mwaka 1890 afisa wa Kiingereza, Hamilton Bower, alinunua karibu na Kucha, katika Asia ya Kati, kitabu kilichoandikwa juu ya magome ya mti. Ndani yake zimo habari za tiba ya Bara Hindi, na za kwanza kabisa ni za kitunguu saumu. Huko Baghdad, katika zama za ukoo wa Abbas, vitabu vya Charaka na Sushruta vilitiwa katika Kiarabu. Na Ali ibn Rabban al-Tabari, katika Firdaws al-Hikma aliyoitimiza mwaka 850, aliweka milango 36 ya tiba ya Kihindi. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata sehemu ya urithi huo kwa njia ya viungo na maneno yake. Neno pilipili hufuatishwa, kwa kupitia lugha za Kiajemi na Kiarabu, mpaka pippali, jina la Kisanskriti la ile pilipili ndefu ya kukoleza moto wa tumbo. Na pilipili manga, iliyotoka Bara Hindi, katika Kiswahili ilipewa jina la Manga, nchi ya Waarabu walioileta.

Pigo kubwa lilikuja katika utawala wa Waingereza. Tangu mwaka 1827 Ayurveda ilifundishwa katika chuo cha Kisanskriti cha Calcutta, sambamba na tiba ya Ulaya. Mwaka 1835 madarasa hayo yalifungwa, kikafunguliwa chuo cha udaktari kilichofundisha tiba ya Ulaya peke yake kwa Kiingereza. Madhusudan Gupta, aliyekuwa mwalimu wa Ayurveda, alihamia chuo hicho kipya, na mwaka 1836 akashiriki kupasua maiti kwa ajili ya masomo. Waganga wa kale walibaki bila msaada wa dola, wakitegemea wanafunzi wao na wagonjwa wao.

Uhai ulirudi kwa njia nyingine. Mwaka 1902 P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala huko Kottakkal, Kerala, na dawa ambazo zamani mgonjwa alijichemshia nyumbani zikaanza kupatikana zimekwisha kutengenezwa. Mwaka 1970 India huru iliweka sheria ya kusimamia mafunzo ya waganga hao, na mwaka 2014 ikaunda wizara kamili ya tiba za asili. Heshima ilipatikana, lakini chupa husafiri peke yake, na maneno ya mganga juu ya kula hayasafiri nayo.

Elimu mpya imeuuliza moto huo maswali yake. Mwaka 1833 daktari William Beaumont wa Marekani alichapisha habari za tumbo la mtu aliyekuwa na jeraha lililobaki wazi, akaonyesha kuwa chakula huyeyushwa na maji makali ya tumbo. Kwa hiyo moto wa Charaka hauwezi kushikwa leo kuwa maelezo ya kweli ya kazi hiyo, ni mfano. Dawa nazo zimepimwa. Majaribio kadha yameonyesha kuwa tangawizi hupunguza kichefuchefu. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston. Madini hayo hudhuru mwili, na mnunuzi aliyetafuta nafuu ya tumbo hakuwa na njia ya kuyaona.

Hapo ndipo hasara ya kuusahau mlango wa kwanza ionekanapo. Anayekula kwa kiasi, akangoja chakula cha kwanza kisagike, akapunguza vizito mwili wake unapokuwa dhaifu, hatumii fedha wala hanywi zebaki. Waganga wa kale walikosea walipodhani kuwa tumboni mna moto. Lakini walipomtaka kila mtu aujue uwezo wa tumbo lake kabla ya kunyosha mkono kwenye sahani, walisema neno ambalo elimu mpya haijalitangua, na ambalo hapana duka liwezalo kuliuza.