Kura na Ardhi: Taarikhi ya Jimbo la Kisauni

Mwenye kutoka kisiwani Mvita akalivuka daraja la Nyali, akaipita Kengeleni, akaishika barabara ya Malindi hata akaiacha Bamburi nyuma yake na kukata kuingia bara kuelekea Utange, huwa ameipita kwa urefu wake nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa jimbo moja la uchaguzi, nalo ni Kisauni. Ni nchi iliyosheheni watu: sensa ya 2019 ilihesabu nafsi 291,930 katika Kisauni peke yake, idadi iliyozidi ya sehemu nyingine yoyote ya Kaunti ya Mombasa, na hayo ni baada ya Nyali, yenye watu 216,577, kuwa imekwisha kutengwa nayo. Aghalabu siasa za jimbo hili husimuliwa kuwa ni habari ya makabila na vyama; kwa rai yangu, atakaye kuzifahamu na aanze na ardhi, kwa kuwa wengi katika wapiga kura wa Kisauni wamekuwa, tangu zama za babu zao, ni watu wenye nyumba wasiomiliki udongo zilipojengwa nyumba hizo.

Katika karne ya 19 ng'ambo hii ilikuwa ni mashamba. Matajiri wa mjini walikuwa na minazi na miembe yao huku, ikitunzwa na watumwa, na kandokando yao wakikaa Wamijikenda waliolima na kufanya biashara na watu wa pwani. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza wa CMS wakaanzisha Freretown, makao ya watumwa waliookolewa majahazini, na kengele yao ingali imesimama Kengeleni hata leo. Mwaka 1895 Waingereza wakaafikiana na Seyyid wa Unguja kuutawala ukanda wa pwani wa maili kumi kwa jina lake. Na mwaka 1907 utumwa ulipofutwa kisheria, aliyekuwa mtumwa alipata uhuru wa nafsi yake bila kupata hata kishamba cha kuishi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye madai ayapeleke mbele ya serikali na kuyathibitisha. Waliokuwa na wasia, nyaraka na mawakili walithibitisha. Ama waliokalia ardhi kwa desturi ya ukoo, au kwa hisani ya bwana wa zamani, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, na ardhi isiyothibitishwa ikawa mali ya dola. Hapo ndipo ilipozaliwa ile ada ijulikanayo Mombasa yote kwa jina la nyumba bila ardhi, ambayo mtu hujenga nyumba yake mwenyewe, akairithisha na kuiuza apendapo, ilhali kila mwezi humlipa mwenye shamba kodi ya mahali iliposimama.

Uhuru ulipokaribia, siasa za pwani ziligawanyika baina ya watu wa Mwambao, waliotaka ukanda ule usitiwe ndani ya Kenya, na KADU ya Ronald Ngala, iliyotaka majimbo, na KANU iliyotaka serikali moja yenye nguvu. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, waliafikiana kwa barua kuwa ukanda utaingia Kenya, na kuwa mahakama za kadhi zitahifadhiwa. Lakini katika barua hizo mlikuwa na ahadi nyingine isiyokumbukwa sana, nayo ni kwamba hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa pwani zitaheshimiwa daima. Kwa mwenye hati ilikuwa ni amani. Kwa mpangaji wa udongo wa Kisauni ilikuwa ni kufungiwa mlango siku ile ile ya kupewa kura.

Miaka ya chama kimoja naipita upesi, kwa sababu uchaguzi uliofikia kupigwa kwa mlolongo mwaka 1988, watu wakijipanga hadharani nyuma ya wagombea, haukumwachia mnyonge nafasi ya kusema la moyoni mwake. Aliposema, mwaka 1992, alisema kwa sauti: chama cha Kiislamu cha IPK kilikuwa kimenyimwa usajili, mji wa Mombasa ukaingia ghasia, na mwezi wa Desemba Kisauni na Likoni zikaiacha KANU na kuwapa viti watu wa Ford-Kenya. Kisauni ilimpeleka bungeni Profesa Rashid Mzee.

Kisha akaja Emmanuel Karisa Maitha, aliyeitwa Mugogo na wafuasi wake, na hapa yapasa tukae kidogo. Maitha aliinukia ndani ya KANU. Baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 akakamatwa, na Desemba ya mwaka huo huo akashinda Kisauni kwa tikiti ya DP. Mwaka 2002 akarudi kwa NARC, akawa Waziri wa Serikali za Mitaa, kisha wa Utalii. Ngome yake ilikuwa ni Wamijikenda wa vijiji vya ndani, na sauti yake ilikuwa ni ya mtu aliyeijua dhiki yao kwa karibu. Wengi waliamini kuwa akiwa barazani pa serikali hati zingetoka. Mauti yalimkuta Frankfurt, Ujerumani, mwezi wa Agosti 2004. Katika uchaguzi mdogo wa Desemba alishinda Anania Mwaboza, akimpita miongoni mwa wengine kijana Hassan Ali Joho, ambaye mwaka 2007 alikitwaa kiti kwa ODM, na mwaka 2013 akawa gavana wa kwanza wa Mombasa.

Mwaka huo wa 2013 Nyali ilipigiwa kura kwa mara ya kwanza peke yake, ikachukua mahoteli, majumba ya kifahari na viwanja vyenye hati, na Kisauni ikabakiwa na Mjambere, Junda, Bamburi, Mwakirunge, Mtopanga, Magogoni na Shanzu. Rashid Bedzimba wa ODM alichaguliwa, akaangushwa mwaka 2017 na Ali Mbogo wa Wiper, akarudi mwaka 2022. Jimbo linalobadili mbunge namna hii silioni kuwa na kigeugeu. Ni jimbo linalodai deni lile lile kwa kila anayekuja.

Utange inalidhihirisha hilo kuliko pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Somalia, miongoni mwao watu wa Barawa wenye lugha iliyo dada ya Kiswahili chetu. Kambi ikafungwa kabla ya muongo kwisha, na wengine wao wako Marekani na Uingereza hivi leo. Wageni wale walijua kuwa wanaishi pale kwa muda. Mzaliwa wa Utange asiye na hati naye huishi kwa muda, ingawa jina lake limo katika daftari la wapiga kura.

Fedha za maendeleo ya jimbo, zilizoanzishwa mwaka 2003, zimejenga madarasa na kulipia karo. Hazikuwekwa kwa ajili ya kununua mashamba. Basi ewe mpiga kura wa Kisauni, atakapokujia mwenye kuomba kura mwaka 2027, mtake akutajie kwanza shamba ulilokalia ni la nani, na ni kwa njia gani atakupatia hati yake.